Nyumba Kumi na Moja za Mtaa wa Juu

Jumatano, saa kumi alasiri

Kwa kaka yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwa baba na mama hadi kwa paka, ambaye siku hizi anasalimiwa kabla yetu sote kwa sababu mama anaamini yeye ndiye anayejua mapema. Hatujambo. Nimeandika neno hilo nikalitazama kwa muda, maana wewe hupendi neno linalosemwa kwa mazoea tu. Basi niseme hivi: hakuna aliyeumia, hakuna anayelala usingizi wa kushiba, na mwanao ameota jino la pili. Natumaini nawe huko kambini u mzima, mgongo umetulia na barabara yenu inasonga mbele. Dereva wa lori la vifaa anaondoka kesho alhamisi. Ameahidi kukupa barua hii mkononi mwako, si kupitia kwa msimamizi, kwa kuwa msimamizi wenu, kwa maneno yake, husoma barua za watu kama gazeti.

Utashangaa barua ilivyo ndefu. Umezoea kuniita Bubu, na ni kweli kwamba kwenye simu husema "nzuri" mara tatu kisha nampa mama. Kalamu hainitazami usoni, ndiyo maana. Hata hivyo barua hii nimeianza mara tano.

Ulipopiga simu mara ya mwisho, kutoka kule mlimani mnakopanda kutafuta mtandao, mambo yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza. Tulikuambia ardhi imetikisika mara mbili, ukacheka, ukasema huko kwenu inatikiswa na baruti kila siku na hakuna anayepiga simu nyumbani. Kisha ukazungumza na wifi. Nilikuwepo, na ulichomwambia nilikisikia, kwa sababu simu ya mama inapaza sauti hata usipotaka. Ulimwambia wezi wanapenda nyumba iliyoachwa, kwamba mabati na milango vilivyokuchukua miaka minne havitabebwa na watu kwa sababu ya woga. Ofisi ya kanda ikisema mtaa wa juu ni hatari, atoke siku hiyohiyo aje kwetu. Isiposema, akae. Wifi akajibu sawa. Nakukumbusha maneno hayo kwa sababu yeye hajayasahau hata moja.

Sasa nikueleze mwezi wetu. Unaikumbuka ile stoo nyuma ya maabara ya shule, inayonuka gesi na chaki? Ofisi ya kanda iliweka humo mashine ya kupima matetemeko, kiboksi kisichozidi kopo la biskuti, kimefungwa kwa skrubu kwenye zege, na waya unaokwenda kwenye kompyuta kuukuu. Kwa miaka miwili mashine ile ilikuwa inatuandika sisi tu. Kengele ya mapumziko ikilia unaona mstari unavyochachamaa. Pampu ya maji ikiwashwa saa sita unaiona. Mwalimu mkuu akipita koridoni na viatu vyake vile, unaona kila hatua, na wavulana walikuwa wakimtuma mmoja wao stoo kuangalia anaelekea darasa gani. Likizo ilipoanza, shule ikiwa tupu, mashine iliandika mitikisiko thelathini na mmoja kwa siku moja. Mwalimu wa jiografia, ndiye msimamizi wake, akaingia maktaba kutafuta mwanafunzi wa kumsaidia. Hakunichagua kwa sababu ya akili. Nilikuwa peke yangu humo.

Kazi ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kuhesabu: kila asubuhi nasoma mstari wa siku iliyopita, natoa pampu, natoa malori, ninayobaki nayo naandika kwenye daftari, saa, dakika na ukubwa. Hiyo niliipenda. Nilikaa humo stoo na thermosi yangu ya chai, na sidhani niliwahi kuwa na furaha kiasi kile mahali pabaya kiasi kile. Kwa siku thelathini nilihesabu matetemeko mia nne kumi na mawili. Mengi ni madogo, hayaamshi hata paka wa mama. Makubwa, ambayo mtu aliyekaa kimya nyumbani angeyahisi, ni ishirini na matatu.

Sehemu ya pili ni ya kuuliza. Mashine ni moja, na inajua tu jinsi stoo inavyotikisika. Ofisi inataka kujua kila nyumba ilihisi nini, kwa hiyo kila nyumba ina karatasi yake ya mwezi, na kila tetemeko kubwa lina mstari wake. Unabisha hodi, unauliza: ulikuwa umekaa au unatembea, vyombo vililia, kitu kinachoning'inia kilibembea, plasta ilianguka, ulikimbia nje? Kutokana na majibu unaandika daraja, kuanzia la kwanza, ambalo ni kutohisi kitu, hadi la kumi na mbili, ambalo mwalimu alisema tusilijadili. Nilipewa nyumba arobaini na moja, thelathini za mtaa wetu wa chini na kumi na moja za mtaa wa juu. Mwisho wa mwezi karatasi zinageuzwa ramani yenye rangi, na ramani ndiyo inayosomwa na wakubwa.

Hapa nyumbani maisha yamekuwa ya kuchekesha, kama mtu ana nafasi ya kucheka. Mama anasimamisha chupa tupu kichwa chini juu ya meza. Ikianguka, tunatoka. Imeangushwa na tetemeko mara kumi na nne na paka mara sita, na zote ishirini tumetoka, baba akiwa wa mwisho kwa sababu anatafuta miwani. Tunalala uani chini ya turubai, na mama halali bila viatu. Baba hana nafasi ya kupumua: kila ardhi ikitikisika mabomba yanapasuka, na fundi bomba anatafutwa kama bwana harusi aliyechelewa. Anarudi na matope hadi magotini, anakaa kwenye ndoo na kusema hajawahi kupendwa na watu wengi hivi, na hajawahi kuichukia kazi yake namna hii. Akifunga bomba leo, kesho linafunguka palepale.

Kinachotuchosha si kutikisika, ni kutojua. Katikati ya mwezi alikuja mtaalamu kutoka ofisi ya kanda, mama mmoja mfupi mwenye begi mgongoni na buti za kiume. Wazazi walikusanyika uwanja wa shule. Kila mtu alikuwa na swali lilelile: lini litakuja kubwa, na lini yatakwisha. Akasema hajui. Wakamuuliza kwa njia nyingine, akasema hajui. Mshona viatu wa hapa njia panda akamwambia kwa upole kwamba kama wamekatazwa kusema, aseme tu kwamba wamekatazwa. Yule mama akavua kofia, akasema angekuwa anajua asingekuja na begi, angekuja na mabasi. Yeye anaweza kuhesabu yaliyopita na kusema ni wapi yametikisa sana na wapi kidogo, basi. Baba akanong'ona, lakini wewe unajua baba akinong'ona, kwamba kumbe tumeletewa mwanahistoria. Watu walicheka, hata yeye. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Tulitawanyika kama watu waliotoka hospitali bila dawa.

Kabla hajaondoka alikuja stoo. Nilisimama ukutani nikitamani niwe ramani. Alipitia karatasi zangu zote moja moja, akasema mwandiko ni safi na kazi ni ya uangalifu, kwamba katika kanda nzima hajaona karatasi zilizojazwa vizuri kama hizi. Halafu akarudi kwenye karatasi za mtaa wa juu. Alisema ni ajabu. Mtaa wa juu umejengwa juu ya shimo la zamani la mawe lililofukiwa kwa kifusi, na juu ya kifusi nyumba hutikisika zaidi, si pungufu. Yeye angetarajia daraja la tano au la sita. Akaniuliza, macho yake kwangu, kama watu wa kule kweli wamesema hawahisi kitu. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema vizuri, ardhi haisomi vitabu, tuandike wanachosema watu.

Mwalimu aliwaambia wazazi sifa zile. Baba anazisema kwa kila mwenye bomba bovu.

Muhtasari wa mwezi ulitoka wiki iliyopita, una mhuri. Mtaa wa chini umepakwa rangi ya machungwa na mtaa wa juu umeachwa mweupe. Maturubai hayatoshi, unajua, kwa hiyo halmashauri ilifanya jambo ambalo mtu yeyote angefanya akiwa na ramani ile mkononi: ilichukua maturubai ya mtaa wa juu ikayashusha mtaa wa chini. Wa juu wakaambiwa warudi ndani wakalale. Wifi aliposikia alikunja blanketi la mtoto, akasema basi ofisi imesema.

Kaka, sasa nafika pale ambapo barua nne zilizotangulia zilichanika.

Sikwenda mtaa wa juu. Siku ya kwanza nilikwenda hadi kwenye kona. Unaijua ile nyumba ya kwanza, ya fundi redio, yenye benchi nje. Palikuwa na wanaume watano wanacheza drafti, na nilipokaribia na karatasi zangu mmoja akasema haya jamani, daktari wa tetemeko huyo, mwonyesheni ulimi. Wakacheka wote. Hayakuwa matusi, najua. Mtu mwingine angejibu akapita. Mimi masikio yalipata moto, nikajifanya nimesahau kitu, nikageuka. Siku ya pili walikuwepo. Siku ya tatu pia. Wakati wote, asubuhi na jioni, benchi lilelile, kana kwamba hawana kazi wala nyumba. Nikakaa stoo nikajaza karatasi za nyumba zote kumi na moja kwa mkono wangu. Niliandika daraja la kwanza. Ili zisifanane mno, hapa na pale niliweka la pili: kikombe kililia kidogo, pazia lilicheza. Nilifikiria hata nani awe amekaa na nani awe anatembea. Mara ishirini na tatu kwa nyumba kumi na moja ni mistari mia mbili hamsini na mitatu, na hakuna hata mmoja wa kweli. Kule ambako mtaalamu alisifu uangalifu, ndiko huko.

Ya kumi na moja ni nyumba yako.

Nilijiambia wifi anakuja kwetu kila jumapili, kungekuwa na jambo angesema. Lakini wifi si mtu wa kulalamika ugenini, na mimi sikumuuliza. Jumamosi iliyopita mama alinituma nimpelekee unga wa uji wa mtoto. Nilizunguka kwa nyuma, kwenye mtaro, ili nisipite kwenye benchi. Nikaingia kwako. Vikombe vyote vilikuwa sakafuni juu ya blanketi, vimepangwa kama watoto waliolala. Nikauliza kwa nini. Akasema amechoka kuviokota. Kitanda kilikuwa mbali na ukuta, na sakafuni kulikuwa na alama za chaki. Akanieleza, huku anakoroga uji, kwamba kila likija kitanda kinatembea, naye anaweka alama kuona kimefika wapi. Alama zilikuwa kumi na tisa. Pembeni ya mlango kuna ufa kuanzia chini hadi kwenye bati. Niliingiza rula yangu ya shule. Iliingia yote kwa upana.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu nikamwambia. Sikuweza kumtazama, nilizungumza na kitasa cha mlango. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alinipa karatasi mpya kumi na moja akasema nenda sasa hivi. Nikaenda na nikapita kwenye benchi. Yule aliyenitania ni fundi redio mwenyewe. Alisogea kunipisha nikae, akaniuliza nilikuwa wapi mwezi mzima, maana walikuwa wananingoja. Walianza kudhani mtaa wao haumo kwenye orodha. Nikamuuliza, sijui nguvu nilitoa wapi, kwa nini wako nje kila siku. Akasema mwanangu, nani atakaa mle ndani? Drafti yenyewe hawaipendi. Wanacheza kwa sababu mtu mzima hawezi kukaa tu uwanjani mchana kutwa akitazama nyumba yake, watu watamwona amechanganyikiwa.

Kwa hiyo wao ndio waliokuwa jibu la karatasi zangu, kaka, wamekaa pale nje siku thelathini, nami nikawa nawakimbia.

Nilijaza nyumba kumi na moja kwa mchana mmoja. Daraja la tano, la sita, nyumba mbili la saba. Mwalimu alituma masahihisho jioni hiyohiyo, akaandika kosa ni la kwake kwa kutonifuatilia, jambo ambalo si kweli. Ofisi ilijibu kwa heshima: masahihisho yatatazamwa pamoja na muhtasari wa mwezi ujao. Yule mtaalamu ameshapelekwa upande mwingine wa kanda, ambako ni kubaya kuliko kwetu. Halmashauri ilisema haiwezi kuhamisha maturubai kwa maneno ya mwanafunzi dhidi ya karatasi yenye mhuri. Mwalimu aliwaambia karatasi yenye mhuri nayo ni maneno ya mwanafunzi huyohuyo. Wakamwambia lakini ile ina mhuri.

Nikamwendea wifi. Nilimwambia karatasi ya ofisi si sahihi, na mara hii nikamwambia na sababu. Alinitazama, kisha akanivuta akaniketisha kitandani karibu na mtoto, akasema pole, na kwamba hata yeye angewaogopa wale wazee. Nikamsihi aje kwetu. Akasema, mume wangu alisema ofisi ikisema ni hatari, nitoke. Ofisi imesema nikae. Nikitoka leo, mabati yakaibiwa kesho, nitamwambia nilitolewa na nani, na wewe? Hakusema kwa ukali. Akasema mwandikie kaka yako, yeye akisema neno moja nitabeba mtoto nishuke hata kwenye mvua.

Basi ndiyo maana nakuandikia. Sikuombi unisamehe, hilo tutalizungumza ukirudi, na nitazungumza, nakuahidi. Baba na mama bado hawajui. Nitawaambia jumapili, kabla baba hajazieneza zile sifa kwa bomba jingine. Ninachokuomba ni karatasi ndogo niliyoiweka ndani ya bahasha hii, nyeupe, imeshakunjwa, ina jina la wifi kwa nje. Andika humo neno moja, toka, na sahihi yako anayoijua. Mpe dereva. Usisubiri kupanda mlimani kutafuta mtandao.

Nimepiga hesabu. Dereva anafika kwenu jumamosi, anashusha mzigo, anarudi hapa jumamosi ya wiki ijayo. Kuanzia leo ni siku kumi. Kwa wastani wa mwezi huu, kati ya barua yangu na jibu lako kuna matetemeko mia moja thelathini na saba, na kati ya hayo karibu manane ni yale makubwa. Mtaalamu angenikaripia, alisema wastani si utabiri. Najua. Lakini ndiyo hesabu pekee niliyonayo.

Jambo la mwisho. Kwa kuwa siwezi kumtoa wifi, nimeingia mimi. Tangu jana nalala kwako. Mama alidhani nakwenda kumsaidia na mtoto, akanifungia na viatu vyangu vya shule ili nilale navyo. Barua hii naiandika kwenye meza yako, chupa iko mbele yangu, kichwa chini. Mlango haufungiki tena, na ni afadhali, tumeuacha wazi. Tumehamisha kitanda hadi hapo mlangoni, na mtoto analala upande wa nje, kisha mimi, kisha mama yake. Fundi redio na wenzake wameleta benchi lao mbele ya nyumba hii. Wanasema pale kwao jua limekuwa kali. Leo wamenifundisha drafti na nimefungwa mara tatu.

Wifi anakusalimu, anasema usiache kula. Mwanao angekusalimu pia, ila sasa hivi anatafuna kona ya orodha yangu ya nyumba. Wasalimie wenzako kambini, na umwambie dereva asisimame sana njiani.

Mimi mdogo wako,
Bubu

Nimekuwekea na nakala ya karatasi ya nyumba ya kumi na moja, iliyojazwa upya. Majibu ni ya mwenye nyumba mwenyewe, kwa maneno yake. Kwenye swali la mwisho, ulikimbia nje, ameniambia niandike: bado.